Kipaji Hakipandi Ndege

Neno "kipaji" limekuwa kichaka cha kujifichia. Katika hotuba za wakuu wetu wa michezo, kuanzia wizarani hadi wilayani, neno hilo hufanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na fedha, walimu na muda. Vijana wetu wana vipaji, tunaambiwa. Tuibue vipaji, tunahimizwa. Kipaji kisipoibuka, kosa linakuwa la kipaji chenyewe. Kikiibuka, viongozi hujipanga uwanja wa ndege na mashada ya maua kumlaki mtu ambaye hawakumsindikiza siku alipoondoka.

Nataka kuupima usemi huo kwa mchezo ambao wengi watauona ni anasa: sataranji, ambayo vijana huiita chesi, na cheo chake cha juu, ugrandmasta. Nimeuchagua kwa makusudi. Sataranji haihitaji uwanja wa nyasi wala jezi. Haihitaji hata uwe na kifua kipana. Vifaa vyake ni ubao wa miraba 64, vipande 32 na saa. Kama kuna mchezo ambao kipaji kitupu kingetosha, basi ungekuwa huu. Na bado, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa ujumla wao, hazijatoa grandmasta hata mmoja.

Wala asije mtu akaniambia kwamba huu ni mchezo wa Wazungu usiotuhusu. Waswahili wa pwani waliujua kabla wenye mashirikisho hawajazaliwa. Kamusi zetu za zamani zina sataranji yenyewe, zina shaha kwa maana ya mfalme wa ubaoni, na zina kitunda kwa maana ya yule askari mdogo anayetangulia mbele na kufa wa kwanza. Bao tunalo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wake. Sisi si wageni wa michezo ya kukaa na kufikiri. Tulichokosa ni kitu kingine.

Tukitazame kwanza cheo chenyewe, kwa maana wengi hudhani ni sifa ya magazetini tu kama "nguli" au "gwiji". Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na mwaka 1950 lilitoa cheo cha grandmasta rasmi kwa wachezaji 27. Leo anayekitaka kwa njia ya kawaida lazima afikishe alama 2500 katika orodha ya kimataifa, na lazima apate normu. Normu ni matokeo ya mashindano, kwa kawaida ya michezo tisa au zaidi, ambamo mchezaji amefikia kiwango cha alama 2600 dhidi ya wapinzani ambao angalau theluthi yao ni magrandmasta, na ambao hawatoki nchi moja. Normu hizo zikijumlishwa lazima zifikishe michezo 27. Ukishakipata cheo, ni chako mpaka kaburini.

Naomba msomaji alirudie sharti la theluthi. Ili uwe grandmasta kwa njia hiyo, lazima kwanza uwapate magrandmasta watatu wa kukaa mbele yako. Katika nchi isiyo na hata mmoja, njia ni mbili tu: uwafuate waliko, au waletwe uliko. Njia zote mbili ni nauli. Kijana wa leo mwenye simu na bando anaweza kucheza usiku kucha na mabingwa wa Moscow na Chennai, na atajifunza mengi, lakini michezo hiyo ya mtandaoni haihesabiwi katika cheo hiki hata chembe. Cheo kinataka mwili wako uwe chumbani, mbele ya mwamuzi.

Mwaka 2000, huko Yerevan, Armenia, yalifanyika mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 20. Aliyeshinda alikuwa Lázaro Bruzón wa Cuba. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 18 kutoka Zambia, Amon Simutowe. Waliwapita vijana wa nchi zenye vyama, makocha na vitabu tangu enzi za mababu zao. Tofauti ya Bruzón na Simutowe ubaoni ilikuwa ndogo sana. Tofauti yao nje ya ubao ilikuwa kubwa: Bruzón tayari alikuwa grandmasta. Simutowe alikipata cheo hicho rasmi Januari 2009, akiwa na miaka 27.

Hiyo miaka minane na zaidi katikati ndiyo somo langu lote. Je, kipaji kilipungua? Hakikupungua. Cuba ni nchi maskini, imewekewa vikwazo na Marekani tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini ilimtoa bingwa wa dunia, Capablanca, mwaka 1921, na baada ya mapinduzi dola yake iliamua kuwa sataranji ni kazi kama kazi nyingine: ina walimu wanaolipwa, ina mashindano ya nyumbani, ina wageni wanaoalikwa. Simutowe alilazimika kutafuta njia yake mwenyewe. Alikwenda Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas kwa ufadhili wa chuo hicho, kwa maana wao Wamarekani walikuwa tayari kumlipia karo mtu ili awachezee sataranji. Baadaye akasoma Oxford. Normu yake ya mwisho aliipatia Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007, katika mashindano yaliyopewa jina la Max Euwe. Na huyo Euwe, niseme kwa faida ya walimu wenzangu, alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1935 bila kuacha chaki.

Tusiipambe Cuba kupita kiasi. Bruzón mwenyewe hatimaye alihamia Marekani. Dola inayomlea mchezaji kisha ikashindwa kumlipa itampoteza pia. Lakini ili umpoteze grandmasta, lazima kwanza uwe umempata.

Hadithi ambayo Afrika Mashariki inaipenda zaidi ni ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Aliingia katika darasa la sataranji la Robert Katende akiwa mtoto mwenye njaa, akivutwa na kikombe cha uji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia. Mwaka 2012 kilitoka kitabu juu yake, na mwaka 2016 Disney ikatoa filamu, Lupita Nyong'o akiigiza nafasi ya mama. Watu walilia katika majumba ya sinema. Viongozi wetu nao waliipenda filamu hiyo, na sababu yake naielewa: inaonyesha mtoto wa mabanda akipanda bila wao kutoa chochote.

Ila filamu ilikoma mahali palipofaa kibiashara. Cheo alichokipata Phiona ni kile cha mwanzo kabisa katika ngazi za wanawake. Baadaye alipata ufadhili wa kusoma chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani, akasoma, akahitimu. Nampongeza kwa moyo wote. Alichagua kama ambavyo mimi ningemshauri binti yangu achague. Lakini tuseme ukweli: Hollywood ilikuwa na mamilioni ya dola ya kusimulia safari yake, wakati Afrika Mashariki nzima haikuwa na utaratibu wa kumlipia hatua iliyofuata. Waganda wengine, Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, walifika Bingwa wa Kimataifa, ngazi moja chini ya grandmasta. Hiyo ngazi moja iliyobaki imesimama kama ukuta wa Barafu pale Kibo: unaonekana vizuri sana kutoka chini.

Sasa njoo Bomang'ombe. Huu ni mji wa barabarani, makao makuu ya Wilaya ya Hai, kati ya Moshi na Arusha. Pale panaposubiriwa abiria, vijana wa bodaboda hucheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa kalamu ya wino, na anayesimama nyuma yao dakika kumi ataona mahesabu ya hatua nne, tano mbele yakifanywa huku jicho moja likimtazama abiria anayeshuka. Hatua chache kutoka hapo, vijana wengine, au wale wale jioni, wanasuka mikeka ya kubeti. Na barabara hiyo hiyo hupita magari ya watalii, yaliyotoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao umo katika wilaya hii hii. Mengine yanakata kushoto kwenda lango la Machame, mengine yanapandisha Sanya Juu kwenda Londorossi. Abiria wake wameshuka kutoka Amsterdam, Doha na Addis Ababa.

Ninapoyaweka mambo hayo matatu pamoja, drafti, mkeka na ndege, nashindwa kukubali kwamba tatizo letu ni umaskini. Akili ipo kijiweni. Fedha ipo kwenye kibanda cha kubeti. Na ndege inayoweza kumleta grandmasta hutua jirani kila siku, imejaa watu wanaokuja kupanda mlima.

Fedha ya kubeti naitaja kwa sababu mahsusi. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, Serikali ilitangaza kwamba asilimia 5 ya kodi ya michezo ya kubahatisha inayotokana na matokeo ya michezo itakwenda katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ulikuwa uamuzi mwema. Maana yake ni kwamba kijana wa Bomang'ombe anayepoteza shilingi elfu mbili kwa timu ya Ulaya ambayo hataiona maisha yake yote, ameshachangia maendeleo ya michezo ya nchi hii. Ni mlipaji. Ana haki ya kuuliza amenunua nini.

Tumezoea kulipa matunda. Mwaka 2023 Rais alianza kununua mabao ya Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, shilingi milioni 5 kila bao, na taifa likaliita "Goli la Mama". Sina ugomvi na furaha hiyo, nami nilishangilia. Ila hakuna Sare ya Mama. Hakuna anayelipa siku 300 za mazoezi ambazo ndani yake hakuna bao, na maisha ya mchezaji wa sataranji karibu yote ni siku za aina hiyo. Hukaa saa nne, tano, na mpinzani mmoja, kisha wanapeana mikono kwa sare, na ile nusu alama ndiyo mshahara wa siku.

Na tunajua njia bora ipo, kwa sababu tunaitumia mahali pamoja. Alphonce Simbu, aliyetwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia huko Tokyo, Septemba 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi. Ana ajira. Anapoamka kukimbia hajiulizi watoto watakula nini. Waliosema siku ile kwamba kipaji cha Singida kimeishangaza dunia walisahau kutaja karatasi ya mshahara. Jeshi limeelewa jambo ambalo wizara ya michezo haijaelewa: kwamba ubingwa ni ajira kwanza, na utukufu baadaye. Kwa nini Magereza, Polisi, chuo kikuu au mamlaka ya bandari haviwezi kumwajiri mtu akili yake kama vinavyomwajiri miguu yake?

Nikifika hapa huulizwa swali moja, nalo ni la haki: je, grandmasta mwenyewe anaishi vipi? Jibu halina mapambo. Dunia ina magrandmasta takribani 2,000, na wanaoishi kwa zawadi za ubaoni tu ni wachache wa juu kabisa. Waliobaki hufundisha, huchezea klabu katika ligi za Ulaya, hasa ile ya Ujerumani, na huzunguka mashindano ya wazi wakilala hoteli za bei nafuu, wakiomba wasifungwe raundi ya mwisho ili nauli irudi. Bassem Amin wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuvuka alama 2700, ni daktari wa tiba. Bora wa bara zima, na bado alihakikisha ana taaluma nyingine mfukoni.

Kwa hiyo sitamwambia mtoto wa Machame aache masomo akafuate ndoto. Wanaowaambia watoto hivyo, kisha wakapanda magari yao na kuondoka, wanatenda ukatili. Ninachosema ni kwamba nchi inayotaka jina la ubingwa lazima iibebe hatari ambayo kwa sasa tumeibebesha familia moja moja. India walijua hili. Viswanathan Anand alikuwa grandmasta wao wa kwanza mwaka 1988. Leo wana zaidi ya 80. Gukesh Dommaraju wa Chennai alipokuwa akipanda, baba yake, daktari wa upasuaji, aliacha kazi ili asafiri naye, na hapo bado tunazungumzia familia yenye uwezo. Lakini mwishoni mwa 2023, Gukesh alipohitaji alama chache ili aingie katika mchujo wa kuwania ubingwa wa dunia, mashindano yenye nguvu yaliandaliwa haraka haraka katika mji wake mwenyewe, kwa msaada wa serikali ya jimbo la Tamil Nadu. Wapo walionung'unika kwamba ni upendeleo. Gukesh alishinda, akaingia mchujo, na Desemba 2024 huko Singapore akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18.

Hicho ndicho tunachoweza kukiiga, kwa kiasi chetu. Mashindano ya mzunguko ya watu kumi yana raundi tisa, na huisha kwa siku kumi. Yafanyike Moshi au hapa Bomang'ombe wakati wa masika, Aprili au Mei, ambapo wapanda mlima ni wachache na vyumba vya hoteli viko wazi. Waalikwe magrandmasta watatu au wanne kwa nauli, malazi na posho ya wastani, pamoja na wachezaji wenye vyeo kutoka Uganda, Kenya na Zambia. Mwaka wa kwanza hakuna Mtanzania atakayepata normu ya ugrandmasta, tusidanganyane. Kanuni inataka wastani wa alama za wapinzani usipungue 2380, na wetu wako mbali na hapo. Tuanze na normu za Bingwa wa Kimataifa, ambazo masharti yake ni mepesi kidogo, na tukubali kufungwa nyumbani miaka mitatu, minne. Wakulima wa mteremko huu hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Mche wa kahawa hauzai mwaka unaopandwa, na bado wazee wao waliupanda, wakaanzisha KNCU mwaka 1933, na karo za watoto wao zikatoka humo.

Nimeshaisikia hoja ya madawati. Shule hazina madawati, zahanati hazina dawa, na wewe mwalimu unatuletea vipande vya mbao? Ningeiheshimu hoja hiyo kama ningeisikia pia siku yanaponunuliwa mashangingi. Mashindano ninayoyasema, pamoja na wageni wake wote, hayafikii bei ya shangingi moja, na shangingi halijapata kumfundisha mtoto kukaa kimya saa nne akitafuta kosa lake mwenyewe. Zaidi ya hayo, sijaomba hata senti moja ya madawati. Fedha ya michezo ilishakatwa kwa jina la michezo, kutoka kwenye mifuko ya wale wale vijana wa kijiweni.

Wapo miongoni mwa wasomaji wangu watumishi wa halmashauri, na ninawajua kwa kuwa huniandikia faraghani, wakinitaka nisiwataje. Sitawataja. Ninaomba mmoja wenu, awe afisa michezo au mchumi wa wilaya, aandike barua rasmi kwa Baraza la Michezo la Taifa akiuliza mambo mawili: ile asilimia 5 imeingiza kiasi gani tangu mwaka wa fedha 2021/22, na ni kiasi gani kati ya hizo kimelipia mchezo wowote unaochezwa ukiwa umekaa. Barua haihitaji kibali cha Dodoma. Majibu yakija, au yasipokuja ndani ya siku 90, nitachapisha hapa nakala ya barua hiyo, jina la mwandishi likiwa limefutwa.